Mtaa Niliouchora Bila Watu

Ofisa wa mipango miji alisimama mbele ya ukumbi mzima akasema mtaa wetu hauna watu.

Shangazi yangu, mkazi wa mtaa huo, alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa, anamtazama.

"Ni mahame," jamaa akaendelea bila hata kumeza mate. "Ushahidi huu hapa."

Akainua picha. Picha yangu mimi, na sahihi yangu pale chini kulia.

Sitanii.

Mimi ni mchoraji. Nachora mitaa: kuta zilizobabuka, nyaya za umeme zilizosokotana, mabati yenye kutu. Kama umewahi kuingia ofisi kubwa ukaona ukutani picha ya mtaa mtupu, ukajiuliza wenyewe wamekwenda wapi, huenda ni ya kwangu.

Zamani nilichora na watu. Hakuna aliyenunua. Ndipo nikakutana na Madamu, mwenye ukumbi wa maonyesho. Akatazama picha moja, akamwekea kidole mama mmoja.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Anaanua nguo."

"Mtoe. Mnunuzi hataki kutazamwa akiwa sebuleni kwake."

Nikamtoa. Picha ikaondoka wiki ile ile.

Basi, nikawa nawatoa wote. Mafundi, wachuuzi, watoto, wote. Unawachora kwanza ili vivuli vikae sawa, halafu unawafunika kwa rangi ya ukuta. Madamu akanitungia na maneno ya kubandika nyuma ya kila picha: "Nachora ninachokiona tu." Wasomi wakisoma wanatikisa vichwa. Upuuzi mtupu!

Mtaa wa shangazi niliuchora siku tatu. Huyo ndiye aliyenilea mama alipofariki. Muda wote alikaa kibarazani kwake anashona vifungo na kunitania.

"Unichore na shingo ndefu, mwanangu. Hii mikunjo ya uso usihangaike nayo."

"Sawa, shangazi."

Nikamchora. Nikamfunika.

Sasa turudi ukumbini. Kuna mwekezaji aliutaka mtaa mzima. Kanuni zao zilikuwa hivi: ikithibitika watu wanaishi pale, lazima wajengewe kwingine kwanza. Yakiwa mahame, buldoza linaingia tu. Na ile picha mwekezaji aliinunua kwa Madamu.

Shangazi akageuka, akaniona nimejibanza nyuma. Uso ukamkunjuka. Akasimama.

"Aliyeichora ni mwanangu, yule pale! Muulizeni. Nilikuwa nimekaa hapo hapo wakati anachora!"

Watu wote wakanigeukia. Mwenyekiti wa kikao akavaa miwani, akasoma nyuma ya picha.

"Msanii, umeandika kwamba unachora unachokiona tu. Ni kweli?"

Madamu alikuwa viti viwili mbele yangu. Hakugeuka. Baada ya wiki mbili nilikuwa nifungue maonyesho nje ya nchi, kila picha na maneno hayo hayo. Nikikiri ni uongo, nimekwisha.

Jibu lilikuwa neno moja. Hapana. Hata mtoto anayeanza kuongea analiweza.

"Ni kweli," nikasema.

Ptuu! Hata ninapoandika hapa najitia kinyaa.

Shangazi alikaa taratibu, akafunga mkoba wake. Mwezi haukuisha, buldoza likapita. Sasa anaishi kwa binti yake, analala kwenye kochi.

Mngedhani imeishia hapo, eh? Wapi!

Juzi Madamu kanipigia, sauti tamu kama si yeye.

"Mambo yamebadilika. Wanunuzi sasa wanataka watu. Yule shangazi yako ana sura ya kuuza sana. Mchore."

Mtu mwenye akili zake angemtukana akakata simu. Mimi nilibeba turubai nikaenda.

Ndiyo, nilikwenda. Nitukaneni, ni haki yenu.

Njiani nilijidanganya kwamba nakwenda kuomba msamaha, huku begi limejaa brashi. Shangazi akanipokea vizuri tu, akauliza kama nimekula. Nikamwambia nataka kumchora. Nilidhani atanifukuza. Akavuta kiti, akakaa, akanyoosha mgongo. Nikaanza na uso.

Kisha akauliza, "Nyuma yangu utaweka nini?"

"Nyumba yako, shangazi."

"Ipi?"

Hakuwa na hasira wala kejeli. Aliuliza kabisa, akasubiri jibu. Nilikusanya brashi zangu nikatoka, na ule msamaha niliojidai kuufuata sikuuomba.

Wewe unayesoma, siku ukiambiwa umweke mtu wako pembeni kidogo tu ili kazi yako ipendeze, kataa siku hiyo hiyo ya kwanza. Mimi nilikubali kwa sababu nilidhani nitamrudisha wakati wowote nikitaka.