Godoro la Povu Lafika Mapokezini

Kila asubuhi, kabla hajagusa ndoo, Povu alikuwa akiinama na kujikagua meno kwenye sakafu ya mapokezi. Marumaru zile alizing'arisha mwenyewe, kwa hiyo aliona ana haki ya kuzitumia kama kioo.

"Umeamkaje, mrembo?" aliiuliza sakafu. Kisha akajijibu, "Salama, ila kiuno."

Jina la Povu alipewa kazini, kwa sababu sabuni yake haikujua kiasi. Jengo lilikuwa la kampuni ya mafuta, na humo ndani hakuna aliyejua anakoishi. Ukimuuliza, anakwambia "huko juu juu." Uongo mtupu. Alikaa bondeni, mtaa ule ule uliozolewa na mafuriko mara mbili msimu mmoja, ule ule ulioishtaki kampuni ilipe. Naye alikuwa mmoja wa walioshtaki. Wangejua, kibarua kingeota nyasi siku hiyo hiyo.

Sasa, siku moja mwanasheria wa kampuni alisema redioni, kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Hiyo hasara wanayoidai sisi hatujaiona. Kama ipo, wailete tuione."

Basi kesho yake watu wa bondeni wakaileta.

Milango ya vioo ilifunguka, likaingia kochi. Nyuma yake friji, tope mpaka kwenye trei ya mayai. Kabati. Cherehani. Magodoro yanachuruzika. Walinzi walifundishwa kuzuia wezi, hakuna aliyewafundisha kuzuia kochi, wakajikuta wanashikilia mlango lipite vizuri.

Povu alitoka kwenye lifti na ndoo yake, akaganda. Godoro moja lilikuwa lake, lile la maua ya zambarau. Na juu yake, katikati ya ukumbi, amekaa mama mkwe wake, kanyoosha miguu kama yuko kwake.

"Povu!" msimamizi alifoka. "Futa hili tope! Na huyo bibi mtoe nje!"

Povu akasogea, macho chini. "Shikamoo, bibi."

"Bibi?" mama mkwe akaruka. "Jana umenikanda mgongo, leo mimi bibi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Msimamizi akamgeukia Povu. "Unamjua?"

Povu alitazama dekio lake, akatazama maua ya zambarau. Neno moja tu, "simjui," na mshahara ungeendelea kuingia. Alilitafuta neno hilo mdomoni, kikamtoka kicheko.

"Ni mama mkwe wangu. Na hilo ni godoro langu."

Kabla msimamizi hajafumba mdomo, mwanasheria yule wa redioni akashuka ngazi mbio, tai inapepea. Akakanyaga tope. Mguu huku, mguu kule, akatua kitako juu ya godoro, ubavuni kwa mama mkwe. Maji yakaruka pyaa!

"Karibu, baba," mama mkwe akasema. "Moshi wa mafuta yenu umelipasha anga joto mpaka mvua imechanganyikiwa, inatunyeshea bila breki. Na mlijua siku nyingi, mkanyamaza. Haya, hasara umeiona?"

"Nimeiona! Imeingia mpaka kwenye suruali!"

Waandishi wa habari walikuwa wamefuata kochi tangu barabarani. Kamera zikamnasa hapo hapo.

"Ameiona!" Vigelegele vikapasua dari. "Twendeni mahakamani, jaji akaione na yeye!"

Povu alivua aproni, akaitundika kwenye mkono wa msimamizi, mkono ambao bado ulikuwa umenyooshwa kuonyesha tope. Akashika pembe ya godoro.

"Mama, shuka tubebe."

"Sishuki. Mimi nami ni ushahidi."

Wakambeba hivyo hivyo, anapunga mkono kama malkia, na Povu akicheka mpaka kiuno kikasahau kuuma. Dekio likabaki limesimama kwenye ndoo. Nyayo za tope zilikwenda moja kwa moja mpaka nje ya mlango, na Povu hakurudi kuzifuta.