Keki ya Nguru Bila Nguru

Krismasi moja nilitia molasi ya ng'ombe kwenye keki. Visingizio ninavyo, vinakuja. Mume wangu alikuwa ameileta kwa mtungi kutoka kiwanda cha sukari, ya kunyunyizia mabua makavu ili ng'ombe asiyakatae. Mimi niliyepita sayansi kimu vizuri kidato cha nne niliinusa, nikajiambia: hii nyeusi, sukari nguru nyeusi, hii imetoka kwa muwa, nguru imetoka kwa muwa. Basi ni ndugu. Kusoma ni kuzuri.

Keki yenyewe ilikuwa ya mama mkwe, naye aliipata kwa mamake. Haijaandikwa popote. Unga, kiasi. Ndizi mbivu za kuponda, kiasi. Sukari nguru, kiasi. Nikimwuliza kiasi gani, ananitazama kama mtu aliyeuliza mvua inanyeshanga kwenda juu au chini.

"Koroga mpaka mkono ukuambie."

Mkono wangu haujawahi kuniambia lolote, isipokuwa kwamba umeungua.

Inaokwa kwa sufuria nzito aliyokuja nayo akiolewa: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Mwaka ule mikono ilikuwa inamwuma, akanikabidhi sufuria yake.

"Ikitoka vizuri, ibaki kwako," alisema. "Ikiharibika naenda nayo, na mwaka ujao tutakula keki ya kununua, kama watu wengine."

Niliitaka ile sufuria kuliko kitenge kipya. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Kwaya siimbi, kwenye kikundi cha akina mama wananisahau hata wakiwa wananitazama. Nilitaka Krismasi moja watu waseme, keki ya yule mama, wacha tu.

Sasa kisingizio. Miaka hiyo kila mtu alikuwa amepagawa na miwa. Mume wangu aling'oa viazi vitamu akapanda miwa, akang'oa njugu akapanda miwa, kisha siku moja nikirudi kutoka kisimani nikakuta hata vitunguu vyangu vya nyuma ya jikoni vimekwenda. Majani ya muwa yalikuwa yanabisha dirishani kama mgeni. Na yule mzee wa ng'ambo ya mto aliyekuwa akikamua miwa na kupika nguru alikuwa amefunga kinu chake, kwa sababu miwa yote ilipandishwa trekta kwenda kiwandani. Nilienda mpaka soko la Matete kutafuta nguru, nikarudi na vumbi. Nikasema basi, nitumie sukari nyeupe. Dukani imeisha, watu wote wanaoka na kupika chai ya wageni. Mwenye duka alicheka mpaka akashika kaunta.

"Mama, wewe unaishi ndani ya sukari, halafu mimi ndiye nikuuzie?"

Nyumbani nikamgeukia mume.

"Si miwa iko hapo nje?" akasema.

"Nikate nichanganye na unga?"

"Wewe ndiye ulisoma."

Hapo ndipo macho yangu yalipouangukia mtungi.

Ilianza vizuri, hilo nitalisema mahakamani. Rojo liling'aa. Nikapanga makaa juu ya kifuniko, nikaketi kulinda kama mbwa. Baada ya muda harufu ilitoka, lakini si ya Krismasi. Ilikuwa ya barabara ya kiwandani wakati wa jua kali. Nikaongeza makaa. Nikapunguza. Nikafunua, jambo ambalo mama mkwe alikuwa amenikataza, na katikati ikabonyea mbele ya macho yangu kama mtu aliyesikia habari mbaya. Nikafunika nikaomba. Mungu alikuwa na kazi nyingine.

Mama mkwe alifika na kikapu chake, na jirani yetu wa ng'ambo ya mtaro nyuma yake, eti amerudisha chekecheke yangu. Chekecheke alikaa nayo tangu Pasaka. Nilipindua sufuria juu ya sinia. Keki ilikataa. Nikaipiga mgongo, ikashuka nusu, nyeusi, inavutika.

Mama mkwe alitafuna kipande polepole sana. Mdomo ulikuwa na kazi ya kufunguka.

"Nguru umetoa wapi?"

"Nilikosa, mama. Nimetumia ile ya ng'ombe."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichukua jivu na kitambaa, akaanza kusugua sufuria yake taratibu mpaka ikawa safi, akaifunga kwenye leso, akaiweka ndani ya kikapu. Nilitaka kusema kitu juu ya kinu kilichofungwa, juu ya Matete, juu ya vitunguu vyangu. Badala yake nikaanza kukwangua sinia.

Jirani alionja kwa ncha ya kidole, akatazama majani ya muwa dirishani, akanirudishia chekecheke.

"Mumepanda miwa mpaka mlangoni, na Krismasi imewakuta bila sukari. Afadhali ng'ombe wenu, yeye anajuanga chakula chake."