Vitabu Viwili vya Mdogo Wake

Walimwita Mama Sindano, ingawa hakuwahi kuzaa. Mtoto aliyemlea ni mdogo wake wa kiume, tangu mama yao alipofariki. Alimsomesha kwa sindano na uzi, akijalidi vitabu vya watu katika karakana ya bati, mpaka kijana akawa profesa wa falsafa.

Kitabu cha kwanza cha profesa kilihusu maadili. Dada mtu alikishona mwenyewe, nakala kwa nakala, akisoma: usimfanye binadamu mwenzako ngazi ya kupandia. Alilia kwa furaha, maskini wa watu.

Cha pili kilihusu siasa. Profesa, sasa mshauri wa meya, alikileta asubuhi moja akitaka viwili vishonwe kuwa kimoja, jalada la ngozi, zawadi ya kumpa bwana mkubwa huyo kwenye hafla. Mama Sindano alikunja kurasa huku akisoma. Mji unaotaka kukua, kilisema kitabu, hauna budi kuwakanyaga wachache kwa faida ya wengi. Na mfano wa msomi wetu? Karakana za bati za mtaa wa dada yake. Zibomolewe, barabara ipite.

Mama Sindano aliweka sindano chini.

"Ushauri huu ni wako?"

"Dada, usichanganye mambo. Maadili ni ya mtu na mtu. Siasa ni ya wengi."

"Na mimi si mtu?"

"Mji hauendeshwi kama sebule."

"Neno lako moja tu, meya anaacha. Utalisema?"

Profesa alitazama saa yake. "Siwezi kupendelea ndugu. Hayo ndiyo maadili."

Hebu sikia! Anakubomolea riziki, kisha anakuhubiria uadilifu. Kweli shukrani ya punda ni mateke. Mkono uliomwogesha na kumfulia sare ulitamani kumzaba kibao. Haukumzaba. Ulivikusanya vitabu vyote viwili ukamsukumizia kifuani.

"Chukua. Sishoni."

"Dada, hafla ni kesho!"

"Jirani hapo kulia anajalidi. Yule wa kona pia. Waambie wewe ni nani, na wanabomolewa lini. Halafu waombe wakushonee."

Profesa alitoka. Akapita mlango wa kulia, akapita wa kona, bila kubisha hodi hata mmoja.