Karatasi Iliyopigwa Pasi

Mama Pasi alianza kunyoosha nguo za watu mwaka ule mumewe alipohamia kwa mwanamke mwingine na kuondoka na kila chenye miguu, kuanzia kitanda hadi stuli. Alimwachia binti mwenye moyo mbovu na pasi ya mkaa, tena pasi yenyewe aliiacha kwa kuwa aliikuta ya moto. Shule mama huyu hakuijua. Baba yake alisomesha wavulana tu. Alichojua ni kitambaa: kipi kinataka moto, kipi kinataka huruma.

Mashati ya ofisi ya vipuri, ng'ambo ya barabara, yote yalipita mikononi mwake. Ndiyo maana katibu wa pale alikubali, huku amenuna, hospitali kubwa ya mji wa mbali imtumie karatasi kwa faksi yao. Kitanda cha binti kilikuwa kimepatikana. Kesho asubuhi afike na karatasi ya kupokelewa. Akifika mikono mitupu, anapewa mwingine. Na binti alikuwa hawezi tena hata kuvaa gauni bila kupumzika katikati.

Karatasi ilifika mchana, nyembamba, ya kuteleza, imejiviringa kama gome la mti. Njiani kurudi nyumbani roho ya Mama Pasi haikutulia. Wenye ofisi walikuwa wamemtazama juu chini maisha yake yote. Wale wa hospitali wakimwona na kikaratasi kilichojikunja, watasema hata hicho kakiokota. Akakitandaza mezani, akafunika kitambaa, akapitisha pasi mara moja tu, kwa moto mdogo kama wa hariri.

Alipofunua, karatasi ilikuwa nyeusi tii.

"Mama, nini kinanuka?" binti aliuliza kutoka godoroni.

"Nguo ya watu, mwanangu. Lala."

Akatoka mbio. Ofisini alikuta nyaya zimetandaa sakafuni na fundi wa mtandao yuko chini ya meza. Faksi ilikuwa imeshang'olewa, imewekwa kando ya mlango, imezungushiwa waya wake kama mzigo wa kutupwa.

"Umeipiga pasi faksi?" katibu alicheka mpaka akashika meza, akawaita wa chumba cha pili waje waone.

Fundi hakucheka. Alimweleza kwamba ile mashine haina wino, huandika kwa joto, na karatasi yake ikipata joto zaidi huwa nyeusi yote. Mama Pasi akaomba irudishwe. Katibu akamjibu kwamba laini ya simu sasa ni ya mtandao, kompyuta zote zimeunganishwa, barua zitaingia humo; hospitali nayo itume kwa mtandao. Mama Pasi akasema hospitali ile mtandao haina. Hilo, katibu akasema, si letu. Na jua lilikuwa linashuka. Huko hospitali muda wowote wangefunga ofisi.

Meneja akatoka kuuliza kuna nini. Mama Pasi hakupiga magoti. Magoti alishayamaliza kwa wakwe zake, na hayakumfaa kitu.

"Bosi, shati hilo nimelinyoosha mimi," alisema. "Sijawahi kukuunguzia hata kola. Leo nimeunguza cha kwangu, nacho ni mtoto."

Meneja akajigusa kola. Akalalamika kwamba huo mtandao umeshamchelewesha vya kutosha na wateja wanasubiri, kisha akamgeukia fundi. Fundi akasema ni waya mmoja tu, wa kuchomoa na kurudisha.

"Haya. Mara moja, basi."

Katibu alipiga namba ya hospitali, midomo ameibetua. Simu ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Upande wa pili mtu akapokea, akasikika akilalamika kwamba alikuwa ameshafunga mlango. Baadaye kidogo faksi ikapiga kelele, ikakohoa, ikaanza kusukuma karatasi taratibu. Mama Pasi alikuwa ameficha mikono mgongoni. Fundi aliichana karatasi, akampa.

"Ishike wewe, kaka," Mama Pasi alisema. "Mikono yangu leo siiamini. Nyumbani ni hapo tu ng'ambo."

Fundi akaacha nyaya zake zilivyo, akatangulia na karatasi. Mama Pasi akavuka naye akiwa upande wa jua, kajipanua kana kwamba anaficha mtoto mchanga, kivuli chake kiifunike.