Mvua Niliyoigawa Mara Tatu

Nilianza kupima mvua huku kijijini kwetu Kyondo nikiwa bado mwalimu. Ualimu nimestaafu, lakini kopo la mvua halijanistaafisha. Kila siku saa tatu asubuhi naingia kwenye shamba langu la mihogo, nachomoa chupa iliyo ndani ya kopo, namimina maji kwenye bilauri yenye mistari, naandika namba kwenye daftari. Mwisho wa mwezi nakala inakwenda ofisi ya hali ya hewa, Kasese. Sijawahi kuambiwa asante, ila siku nikichelewa napigiwa simu kama nimeiba.

Nimechoka, nisiseme uongo. Nimechoka zaidi na watu wanaokuja baada ya kila mafuriko kutafuta mwenye kosa. Mara ni wakata miti, mara wachimba mchanga, mara dhambi zetu. Mwaka huu alikuja mtafiti, mwanamke wa Nyakalengija anayesoma chuo kikuu, akaleta mshtakiwa mpya: jua.

Aliketi barazani kwangu, akaeleza vizuri tu. Jua nalo lina upepo wake, alisema, upepo wa chembe ndogo zisizoonekana, na siku nyingine unakuja kwa kasi kuliko kawaida. Ukigonga anga ya juu kabisa, huenda unaleta mtikisiko unaoshuka hadi kwenye mawingu yaliyokwisha kushiba, nayo yakamwaga yote kwa mpigo. "Huenda," alirudia. Wenzake wengi wanambishia. Ndiyo maana alitaka madaftari yangu, alinganishe siku za mvua kubwa na siku za upepo huo.

"Ninachohitaji ni siku kamili, mwalimu," alisema. "Ukisogeza mvua hata siku moja, kazi yangu imeharibika."

Nilimpa madaftari yote isipokuwa moja. Hilo nikamwambia nitalituma.

Katika daftari hilo ndimo alimo kaka yangu. Alikuwa na nyumba chini ya kwangu, karibu na kijito. Jioni moja mvua ilishuka kutoka mlimani, akateremka kumfungua mbuzi aliyefungwa ukingoni, maji yakamchukua. Tulimpata asubuhi kwenye mawe ya huko chini.

Kwetu mtu akifa, hakuna anayeingia shambani mpaka matanga yaishe. Jembe halishikwi, hata mboga hazichumwi; chakula kinaletwa na watu wa vijiji vingine. Na kopo langu limesimama katikati ya mihogo. Ningeingia mle saa tatu asubuhi huku kaka yangu amelazwa sebuleni, ukoo mzima ungesema nimemtupa. Siku tatu sikuingia.

Siku ya nne nilikuta maji ya siku zote hizo ndani ya chupa moja. Nafasi tatu tupu zilikuwa zinaningoja kwenye daftari, na Kasese hawapendi nafasi tupu, wanaziita uvivu. Basi nikayagawa yale maji kwa tatu, sawasawa, kama tunavyogawa chakula cha msiba. Huo ndio udhuru niliojipa. Ukweli ni kwamba sikuweza kuiandika ile namba kwa ukubwa wake, kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye tarehe ile.

Njia ya mwongo ni fupi. Ili kulisahihisha daftari ilibidi nijue kwa hakika kama mvua ilinyesha tena zile siku nyingine, na mimi sikumbuki chochote cha msiba ule isipokuwa moshi wa kuni. Wa kuulizwa alikuwa wifi yangu, mjane wa kaka, mzaliwa wa Butembo ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake ni cha huko. Baada ya matanga alihamia Bwera, karibu na mpaka, akawa anauza maharage, na mimi sikuwa nimekwenda kumwona hata mara moja. Nilikuwa naona haya.

Nilimkuta sokoni anapepeta. Hakunilaumu. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, jua na upepo wake na yote niliyoyafanya.

"Mulamu," alisema, maana ndivyo mawifi tunavyoitana, "mvua ilinyesha ile magaribi moja tu. Siku ya kumuzika jua iliwaka mpaka batu banatafuta kivuli. Kesho yake pia." Akapepeta ungo mara moja. "Sasa ni jua njo ilimuua?"

"Hawajui. Bado wanatafuta."

"Na kitabu yako inasema nini?"

Nililitoa mkobani, nikamsomea zile namba tatu, ndogondogo, za kawaida. Vipimo vya mvua havijui, lakini amepima maharage maisha yake yote. Kidogo anakifahamu akikisikia.

"Kumbe kwa kitabu yako," alisema polepole, "bwana yangu alikufa na manyunyu."

Nililia palepale mbele ya wateja wake, mtu mzima na mvi zangu. Nilipopata pumzi nikatoa kalamu, nikazikata namba zote tatu, nikazijumlisha, nikaiandika jumla kwenye tarehe yake. Pembeni nikaeleza nilichokuwa nimefanya. Wifi aliinama juu ya daftari, akaitazama ile namba kwa muda mrefu.

"Iko mingi?" aliuliza.

"Ni nyingi, mulamu," nilimwambia. "Sijawahi kuandika nyingine kama hiyo."