Kitambaa cha Meza Kuu

Watu wa Kasulu ukiwaambia kuna mwenzao ambaye kazi yake ni kuchagua kazi za wasanii, kuzipanga ukutani na kuzilazimisha ziseme jambo, watakuuliza kama hana kwao. Ndivyo walivyomsema Kuruthumu, binti wa Mzee Nurudini muuza vitenge, tangu aliporudi kutoka Dar es Salaam alikosomea sanaa. Walimwita Mama Mapambo, wakamwomba awapambie kumbi za harusi. Mimi, fundi wake wa kupigilia misumari, niliwatukana kimoyomoyo. Yeye alicheka tu.

Maonyesho yake ya kwanza aliyafanya Kibondo, kwenye ghala la maharage. Alitandaza vigae sakafuni, kila kigae na jina la mfinyanzi aliyefukuzwa kwenye bonde la udongo na tajiri mmoja mwenye uchu wa mpunga. Wakubwa waliofika walikuwa wanatafuta viti tu, vigae hawakuvitazama. Wafinyanzi wenyewe waligoma kutoka mle ghalani mpaka bonde likarudishwa, na Kuruthumu akaamini tangu siku hiyo kwamba maonyesho yakipangwa vizuri yanaweza kumtikisa hata mtu mwenye gari kubwa.

Kisha akakutana na Jeanne, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, mtarizi hodari. Wanawake wa kambini walikuwa wanakwenda porini kutafuta kuni, na huko walikuwa wanavamiwa na wanaume wenye mapanga. Walishasema kwenye kila mkutano hadi wakachoka. Kuruthumu akawaambia wayatarizi kwenye vitambaa yale yaliyowapata. Jeanne alimtarizi mwanamke anayekimbia, mzigo wa kuni umetawanyika nyuma yake, kipande cha kanga kimenasa kwenye miiba.

Mkubwa wa shirika moja alikuwa anakuja Kasulu, na saini yake ndiyo ingeleta majiko ya gesi kambini. Kuruthumu aliwaahidi wanawake wale kwamba mgeni atasimama mbele ya vitambaa vyao na kuvitazama. Akivitazama, hawataingia tena porini. Tulivitundika kwenye ukuta wa ukumbi atakamopokelewa, kimoja kimoja, kwa nafasi, kila kimoja kwenye kimo cha macho ya mtu mzima.

Siku yenyewe tulikwenda kambini kuwachukua Jeanne na wenzake, tukacheleweshwa getini na habari za vibali. Huku nyuma, Nsabimana, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, aliingia ukumbini akakuta meza kuu haina kitambaa. Kwetu huku mgeni rasmi anaweza kukosa maji ya kunawa, barabara na hata la kusema, lakini hawezi kukalishwa kwenye meza tupu. Akatazama ukutani, akaona vitambaa vizuri vinaning'inia bure. Akavitungua, akavipiga pasi, akavitandika.

Tuliporudi, ukutani ilibaki misumari yangu. Mgeni alikuwa anakula sambusa, soda yake imesimama juu ya kichwa cha mwanamke anayekimbia. Nsabimana akatupokea kwa bashasha.

"Dada Kuruthumu, umetuokoa leo. Tungeaibika."

Nilitamani kumzaba kibao. Kuruthumu alimnong'oneza mshereheshaji kwamba vile si vitambaa vya meza, akajibiwa kwamba meza kuu haisogelewi bila ratiba. Walipokuwa wanabishana juu ya ratiba, Jeanne alipita katikati ya viti, akasimama mbele ya mgeni.

"Mheshimiwa, sahani yako iko juu yangu. Huyu mwanamuke ni miye."

Mgeni akainua sahani. Akainama, akatazama, akapitisha kidole juu ya ile kanga na miiba. Nami mjinga nikaanza kuyaona majiko ya gesi yakishushwa kambini. Kisha akasema hajapata kuona mkono mwepesi namna hii, na kwamba mkewe anatafuta vitambaa vya makochi. Je, vinaweza kupatikana sita, vya kijani?

Kamati ikapiga makofi. Kuruthumu, aliyewacheka watu wa mji huu miaka yote, alilia mbele yao waziwazi, nao wakadhani ni furaha.

Jeanne hakulia.

"Zitapatikana, Mheshimiwa," alisema. "Porini kwa kuni tunaenda kila siku, ya kutarizi haitaisha."

Mgeni akamshukuru, akarudisha sahani pale pale.