Siku Nilipomwaga Begi la Wifi kwa Ajili ya Sabuni

Hii habari hata mama yangu kule Magarama, mtaa wetu wa Gitega, haijui yote, nilimsimulia nusu tu, ile nusu isiyonichafua, na mpaka leo nikiikumbuka niko njiani peke yangu najikuta nimesimama nimefunika uso kwa mkono. Leo naisema nzima. Mkitaka kucheka, chekeni.

Mi nimezaliwa Gitega, nikaolewa huko huko na Saidi anayeuza vitenge, halafu biashara ikampeleka Muyinga nami nikamfuata na mimba ya miezi saba. Tulipata nyumba yenye robine uani, na hapo ndipo nilipoanza kuringa (Magarama tulikuwa tunapanga foleni na mabido ya maji, sasa mi nafungua tu, maji haya hapa, nikajiona mke wa bosi). Dada mkubwa wa Saidi, wifi Mwajuma, mjane asiye na mtoto, akatoka Mutaho kuja kunisaidia kujifungua. Alikuwa mtu mpole, mpole mpaka ukereke, ukimwambia kaa anakaa, ukimwambia kula anakuuliza we umekwisha kula?

Nilipojifungua Shamimu, kazi zote za maji zikawa zake: nguo za mtoto, vyombo, chai, maharage. Bon, hapo ndipo sabuni ilipoanza kunitia wazimu. Kipande ambacho Gitega kingetufikisha wiki mbili, hapa siku nne tu kimebaki kama ukucha. Na nguo zenyewe zinaanikwa zikiwa na rangi ya majivu, zikikauka zinasimama zenyewe kama ubao, mtoto anatoka vipele shingoni. Maharage yanachemka tangu asubuhi mpaka adhuhuri bado yanagonga meno. Chai ina utando juu, na ndani ya birika kumeota ukoko mweupe mgumu kama chokaa ya ukutani. Mi nikaona jibu ni moja tu: wifi hajui kazi, na sabuni anaificha, anawapelekea watu wake.

Aliwahi kuniambia siku moja, kwa sauti yake ile ya chini, "Mama Shamimu, haya maji ya hapa hayapatani na sabuni."

Nikamjibu nini? "Maji ni maji, wifi." Nikageuza mgongo.

Kesho yake nikachukua msumari, nikachora alama kwenye kipande kipya cha sabuni, nione kinapungua vipi. Alama tu, kitu kidogo, hata Saidi sikumwambia. Jioni nikakuta alama haipo, sabuni imeliwa mpaka chini yake. Moyoni nilikuwa nimekwisha kumhukumu.

Sasa ikafika akika ya mtoto. Wanawake wamejaa uani, wengine walitoka Gitega kwa gari la alfajiri, wengine ni majirani, na masufuria ya wali yamepangwa pale robine yanangoja kuoshwa. Mmoja akaita, "Jamani sabuni iko wapi? Hiki kipande kimeisha na hata povu hatujaliona!" Na mimi, nimekaa juu ya mkeka nimevaa vizuri, mtoto mapajani, watu wote wananitazama kwa siku yangu, nikafungua mdomo: "Muulizeni wifi. Yeye ndiye anajua sabuni za nyumba hii zinakwenda wapi."

Wifi alikuwa ameinama juu ya sufuria. Hakuinuka. Akasema tu, "Mimi?"

Ningeweza kucheka hapo, nikasema natania, ikaisha. Lakini mmoja akaguna, mwingine akasema kama hakuchukua si afungue begi lake tuone, na mi nikaona nikirudi nyuma nitaonekana mwongo. Nikampa mtu mtoto, nikaingia chumbani kwake, nikatoka na begi, nikalimwaga juu ya mkeka mbele ya watu wote. Yakatoka magauni mawili, kanzu ya marehemu mume wake iliyokunjwa vizuri, tasbihi, na kifuko cha plastiki kimefungwa fundo. Nikakifungua. Ndani kuna madonge madonge ya kijivu, yananuka sabuni.

"Haya hapa!" Nilipiga kelele, wallahi, nikayainua juu kama mtu aliyekamata mwizi sokoni.

Yakaninata vidoleni. Nikajaribu kuyapangusa kwenye kitenge changu cha sherehe, yakanata na huko. Hapo jirani yetu Mama Esperansi, mtu mzima aliyezaliwa mtaa ule ule, akaja, akachukua donge moja, akalifinya. Hakucheka.

"We mtoto wa Gitega," akasema, "hii si sabuni tena. Haya maji yetu ni magumu, ndivyo yanavyoifanya. Inaganda, inaelea kwenye beseni kama maziwa yaliyokatika. Hukuuliza mtu?"

Akaenda kwake akarudi na ndoo ya maji ya mvua aliyokinga kwenye bati. Akachukua kile kipande cha mwisho, chembamba kama ganda, akakisugua mara tatu. Povu likapanda likajaa beseni, likamwagika kwenye miguu yetu. Watoto wakashangilia.

Wifi alikuwa amepiga magoti anakunja ile kanzu. Akasema bila kunitazama, "Nilikuwa naogopa utasema naimaliza mimi. Nikawa naokota yaliyoganda, ndiyo nafulia nguo zangu. Nzima nawaachia ninyi."

Nilitamani mtu anitukane. Wageni wakaanza kukumbuka kwamba gari la Gitega haliwangoji, wakaondoka mmoja mmoja, hata wali haukuisha. Wifi yeye alimaliza masufuria yote, kwa maji ya Mama Esperansi, akayapanga yakauke. Saidi alipoingia na wanaume kutoka msikitini alikuwa amekwisha kuhadithiwa njiani. Akaniuliza mambo mawili tu. "Umemwaga nguo za dada yangu chini?" Nikasema ndiyo. "Mbele ya watu?" Nikasema ndiyo. Akakaa pale mlangoni na viatu vyake, akainamisha kichwa. Asubuhi wifi akaaga, akambusu mtoto, akaenda Giheta kwa binamu yao anayelima huko.

Mi nilikaa wiki tatu nakinga maji ya mvua na kutafuta maneno. Halafu nikambeba Shamimu mgongoni, nikaenda Giheta. Alinipokea vizuri, franchement, nasema kweli, vizuri kupita nilivyostahili: akanipikia, maharage laini yanayeyuka mdomoni, akamwogesha mtoto, akamwimbia. Nikapiga magoti jikoni nikamwomba msamaha nikilia.

"Inuka, utachafua nguo," akasema. "Nilikusamehe siku ile ile."

"Basi turudi wote, wifi. Chumba chako kiko vile vile."

Akatikisa kichwa. "Kwako nitakuja kutembea, nitakula, nitaondoka. Kulala hapana. Si hasira, Mama Shamimu. Ni kwamba nikiwa kwako nitakuwa naangalia mikono yangu kila saa, na mi nimekwisha kuzeeka, sitaki kuishi hivyo."

Nimeapa tangu hapo, kitu kikipungua nyumbani kwangu nitauliza majirani, nitauliza mvua, nitamuuliza hata mbuzi, kabla sijamtazama mtu machoni nikamdhania. Ni kiapo kizuri. Ila sasa Shamimu anatembea, na nyumbani tuko watatu tu, chumba cha wifi kitupu.